Pearl Harbor 1941: Je, Viongozi wa Marekani Walijua?



Tarehe 7 Desemba 1941 ilikuwa Dominika ya pili ya Majilio. Saa 1:55 asubuhi ndege za kivita za Japani zilitokea juu ya Pearl Harbor, bandari ya jeshi la majini la Marekani katika kisiwa cha Oahu huko Hawaii, zikaanza kudondosha mabomu. Zilikuwa ndege 353, zilizoruka kwa awamu mbili kutoka meli sita za kubebea ndege. Shambulio lilichukua kama saa mbili, na Wamarekani 2,403 walipoteza maisha. Karibu nusu yao, watu 1,177, walikuwa wa manowari moja tu, Arizona, iliyolipuka baada ya bomu kupenya hadi kwenye ghala lake la baruti.

Marekani na Japani hazikuwa vitani siku ile. Wajumbe wa Japani walikuwa bado Washington, na mazungumzo kati ya serikali hizo mbili yalikuwa hayajafungwa. Ndiyo maana tangu enzi hizo hadi leo watu wanauliza: iliwezekanaje kundi zima la meli za kivita livuke bahari kutoka Japani hadi Hawaii, kwa siku kumi na zaidi, bila taifa kama Marekani kujua? Wengine hawaishii kwenye kuuliza. Wanasema Rais Franklin Roosevelt alijua siku na mahali, akanyamaza makusudi, kwa kuwa yeye alitaka kuingia katika Vita Kuu ya Pili na wananchi wake hawakutaka. Maneno haya yanasambaa hata huku kwetu, katika video na ujumbe wa simu, na mara nyingi yanasemwa kama jambo lililokwisha kuthibitishwa.

Tunalichukua swali hili kwa uzito. Kama ni kweli, basi mkuu wa nchi aliwatoa askari wake wafe bila wao kujua, na hakuna hesabu ya kisiasa inayoweza kuhalalisha hilo. Kama si kweli, basi kuna mtu anayesingiziwa mauaji ya watu 2,403, na kufa kwake hakumwondolei haki ya jina lake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inaihesabu kuwa hukumu ya haraka tabia ya kuamini kosa la mwenzetu, hata kimoyomoyo, bila msingi wa kutosha. Kwa hiyo kazi yetu hapa ni kuutazama huo msingi: viongozi walijua nini, walijua lini, na nani alimwambia nani.

Kabla ya hayo, tumtaje mmoja wa waliokufa. Padre Aloysius Schmitt alikuwa padre wa jimbo kuu la Dubuque, Iowa, aliyesomea Roma na kupewa daraja huko tarehe 8 Desemba 1935. Mwaka 1941 alikuwa padre wa wanamaji katika manowari Oklahoma, na siku ile ilikuwa mkesha wa kumbukumbu ya upadre wake. Meli ilipopigwa na kuanza kupinduka, yeye na wenzake walinaswa ndani ya chumba chenye dirisha dogo la mviringo. Aliwasaidia wengine kupita. Alipojaribu kutoka mwenyewe akakwama, na alipotambua kwamba nyuma yake kuna wengine, aliomba arudishwe ndani ili wao wapite. Watu 12 waliokoka kwa mikono yake. Mabaki yake yalitambuliwa mwaka 2016 na kuzikwa katika kikanisa cha chuo alichosoma ujanani huko Dubuque. Tunapojadili makaratasi ya Washington, ni vema kukumbuka kwamba upande wa pili wa makaratasi hayo walikuwako watu kama huyu.

Vita vilionekana vinakuja

Jambo la kwanza halina ubishi: Washington ilijua kwamba vita na Japani viko karibu. Japani ilikuwa ikipigana China tangu 1937. Julai 1941 majeshi yake yaliingia kusini mwa Indochina, na Roosevelt akajibu kwa kuzuia mali za Japani zilizokuwa Marekani. Mafuta yakakatika. Japani ilikuwa ikinunua sehemu kubwa ya mafuta yake Marekani, na bila mafuta manowari zake zingebaki kuwa vyuma vinavyoelea. Ilibaki kuchagua: kuondoka China, au kwenda kuyachukua kwa nguvu mafuta ya visiwa vya Wadachi ambavyo leo ni Indonesia.

Kila mtu mwenye ramani aliona kwamba njia ya kwenda kwenye mafuta hayo inaelekea kusini, kupitia Malaya na Ufilipino. Mwishoni mwa Novemba meli za Japani zilizojaa askari zilionekana kweli zikielekea kusini. Macho ya Washington yakaenda huko, na hayakukosea: siku hiyo hiyo ya Pearl Harbor Japani ilishambulia pia Malaya, Hong Kong na Ufilipino. (Vita vilivyoanza asubuhi ile ndivyo vilivyowapeleka askari wa King's African Rifles, vijana kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, hadi kwenye misitu ya Burma mwaka 1944. Si habari ya watu wengine peke yao.)

Tarehe 25 Novemba Roosevelt alikutana na washauri wake. Waziri wa Vita, Henry Stimson, aliandika katika kumbukumbu zake za siku kwamba Rais aliwaambia huenda wangeshambuliwa Jumatatu inayofuata, kwa sababu Wajapani wanajulikana kwa kupiga bila kutangaza. Akaandika pia kwamba swali lililokuwa mezani ni jinsi ya kuwafanya Wajapani wafyatue risasi ya kwanza, bila Marekani yenyewe kupata hatari kubwa mno. Maneno haya ndiyo silaha kuu ya wanaosema Rais alijua. Ni maneno mazito, na hatuoni sababu ya kuyalainisha. Lakini tuyasome yote. Sehemu ya mwisho inazungumzia kujikinga na hatari kubwa, na mahali walipopafikiria palikuwa kusini mwa Asia. Hawaii haimo.

Siku mbili baadaye, tarehe 27 Novemba, makao makuu ya jeshi la majini yalimpelekea Admirali Husband Kimmel, mkuu wa manowari za Pasifiki pale Pearl Harbor, ujumbe uliosema wazi kwamba uhesabiwe kuwa ni onyo la vita. Ulitaja mahali panapoweza kushambuliwa: Ufilipino, Thailand, rasi ya Kra, Borneo. Kwa hiyo si kweli kwamba Hawaii haikuonywa. Ilionywa kwamba vita vinakuja. Ilichoambiwa pia, kwa namna ya kutoitaja, ni kwamba havitaanzia hapo.

Jenerali Walter Short, mkuu wa jeshi la nchi kavu Hawaii, alipata onyo lake siku hiyo hiyo. Yeye aliogopa zaidi wahujumu wa ndani, kwa kuwa visiwani waliishi watu wengi wenye asili ya Japani. Akaagiza ndege zake zipangwe uwanjani bawa kwa bawa, zilindwe kirahisi. Mpangilio mzuri dhidi ya mtu anayeingia usiku na kiberiti, na mbaya kabisa dhidi ya bomu linalotoka juu. Kisha akaijibu Washington kwa maneno machache kwamba amejiweka tayari dhidi ya hujuma. Hapo ndipo tunapopaona pa kusikitisha zaidi katika habari hii yote. Jibu hilo lilifika Washington, likapita mikononi mwa wakubwa, na hakuna aliyemrudia kumwambia, "Sivyo tulivyokusudia." Jenerali George Marshall, mkuu wa jeshi la nchi kavu, baadaye alikiri mbele ya wachunguzi kwamba alikuwa na nafasi ya kuingilia kati na hakufanya hivyo.

Barua zilizosomwa kwa siri

Wanaomtuhumu Rais wana hoja nyingine yenye nguvu: Wamarekani walikuwa wakisoma barua za siri za Japani. Hilo ni kweli. Tangu 1940 wataalamu wao walikuwa wamefumbua mashine ya maandishi ya siri waliyoiita Purple, iliyotumiwa na wanadiplomasia wa Japani. Yaliyofumbuliwa yaliitwa Magic, na yalisomwa na watu wachache sana: Rais, mawaziri wawili watatu, na wakuu wa majeshi. Kimmel na Short hawakuwemo.

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Purple ilikuwa ya wizara ya mambo ya nje, na wizara hiyo haikuambiwa mpango wa shambulio. Hata mabalozi wa Japani waliokuwa Washington, Nomura na Kurusu, hawakujua. Mpango wa Admirali Yamamoto ulikuwa ndani ya jeshi la majini, lililotumia maandishi mengine ya siri, ambayo mwishoni mwa 1941 Wamarekani waliweza kuyasoma vipande vidogo tu. Vita vilipokwisha, wataalamu walizirudia jumbe hizo zilizokuwa zimehifadhiwa bila kufumbuliwa, wakakuta ndani yake dalili nyingi za safari ya Hawaii. Mtu anayesema leo kwamba dalili zilikuwamo kwenye mafaili anasema kweli. Anayesema zilisomwa kabla ya shambulio anaongeza neno lake. Kuhusu meli zenyewe, ziliondoka ghuba ya Hitokappu, kaskazini mwa Japani, tarehe 26 Novemba, zikapita njia ya kaskazini yenye baridi na mawimbi isiyopitwa na meli za biashara, na katika safari hiyo hazikutumia redio kuzungumza.

Lakini kuna ujumbe mwingine ambao ulifumbuliwa kwa wakati, nao unatia uchungu. Tarehe 24 Septemba Tokyo iliuandikia ubalozi wake mdogo wa Honolulu, ikiigawa bandari ya Pearl Harbor katika maeneo matano na kuagiza iambiwe ni manowari zipi zimetia nanga katika eneo lipi. Ujumbe ulitafsiriwa Washington tarehe 9 Oktoba. Mtu anayetaka tu kujua meli zimetoka au zimeingia hana haja ya kujua imefungwa upande upi wa bandari. Anayetaka kuipiga anayo. Hata hivyo wasomaji wa Washington waliona ni kawaida ya Wajapani kupenda habari za kina, kwa sababu walikuwa wakiuliza juu ya meli za Panama, Manila na San Diego pia. Kimmel hakupelekewa nakala. Mpaka anakufa mwaka 1968 hakuacha kulisema jambo hilo, na tunaona alikuwa na haki ya kulisema.

Jumamosi tarehe 6 Desemba, mchana, mtafsiri mmoja wa ofisi ya jeshi la majini alianza kusoma ujumbe wa ubalozi huo huo wa Honolulu, akaona una mambo ya ajabu: ishara za taa na matangazo ya kupeleka habari za meli. Akaupeleka kwa mkubwa wake. Mkubwa alikuwa na kazi nyingine ya haraka, akamwambia aende nyumbani, wataumalizia Jumatatu.

Kazi hiyo ya haraka ilikuwa ujumbe mrefu wa Tokyo kwa mabalozi wake, wenye sehemu 14. Usiku huo, saa 3:30 hivi, ofisa kijana aliziingiza sehemu 13 za kwanza ikulu. Mwaka 1946 alitoa ushahidi kwamba Rais alizisoma, akampa rafiki yake Harry Hopkins, na akasema kwa maana kwamba hivi ni vita. Hopkins akasikitika kwamba hawawezi kupiga wao kwanza. Rais akakubali kwamba hawawezi. Hakuna aliyetaja Pearl Harbor. Wengine hulisoma hili kama uthibitisho wa njama. Sisi tunaona ndani yake mtu aliyejua vita vinaanza, na akaamini kwamba mlinzi wa kila lango ameshaamshwa.

Asubuhi ya Dominika

Asubuhi ikaja sehemu ya 14, pamoja na agizo kwamba mabalozi waukabidhi ujumbe saa 7 mchana kamili. Kanali Rufus Bratton wa ujasusi wa jeshi aliona saa hiyo, siku ya Dominika, si ya kawaida. Alimtafuta Marshall kuanzia saa 3 asubuhi. Marshall alikuwa ametoka kupanda farasi kama alivyozoea kila Dominika. Alifika ofisini karibu saa 5:30, akausoma kwanza ujumbe mrefu ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuoneshwa karatasi ndogo yenye ile saa. Ofisa wa jeshi la majini alikuwa ameshapiga hesabu: saa 7 mchana ya Washington ni saa 1:30 asubuhi ya Hawaii.

Marshall aliandika onyo kwa mkono wake, liende Manila, Panama, San Francisco na Hawaii. Simu hakuitumia, akihofia kusikilizwa. Redio ya jeshi kwenda Honolulu asubuhi hiyo haikushika kwa sababu ya hali ya hewa. Onyo likapelekwa kwa telegramu ya kawaida ya kampuni ya biashara, bila alama ya haraka. Lilifika Honolulu saa 1:33 asubuhi, dakika 22 kabla ya bomu la kwanza, likapewa kijana wa pikipiki, mwenye asili ya Japani mwenyewe, alifikishe makao ya jeshi. Mabomu yalimkuta njiani. Jenerali Short alilipata mchana, moshi ukiwa bado unatoka bandarini.

Kule Hawaii kwenyewe kengele zilikuwa zimelia mara mbili. Karibu saa 12:45 asubuhi manowari ndogo Ward ilikuta nyambizi ngeni mlangoni mwa bandari, ikaipiga na kuizamisha, ikatoa taarifa. Taarifa ilipanda ngazi polepole, na ilipomfikia Kimmel akataka ithibitishwe kwanza, kwa kuwa wiki zilizopita taarifa za nyambizi zilikuwa nyingi na zote za uongo. Miaka ya baadaye wapo waliotilia shaka kama wanamaji wa Ward walipiga kitu kweli. Mwaka 2002 nyambizi hiyo ilipatikana chini ya bahari, ikiwa na tundu la risasi ya mzinga pale pale waliposema.

Kengele ya pili ilikuwa rada ya Opana, kaskazini mwa kisiwa. Askari wawili waliokuwa zamu walitakiwa kuizima saa 1 kamili, lakini gari la kuwapeleka kunywa chai lilichelewa, wakaendelea kujifunza. Saa 1:02 waliona kundi kubwa la ndege umbali wa zaidi ya kilomita 200. Wakapiga simu. Aliyepokea ni Luteni Kermit Tyler, ambaye hiyo ilikuwa mara yake ya pili tu kufanya kazi katika kituo kile. Alfajiri, akiwa njiani, alikuwa amesikia redio ya Honolulu ikipiga muziki, na rafiki yake rubani alishamwambia kwamba redio ikipiga muziki usiku kucha ujue kuna ndege zetu zinakuja kutoka bara. Na kweli ndege 12 kubwa aina ya B-17 zilikuwa njiani kutoka California, karibu kwa upande ule ule. Akawaambia wasijali.

Hoja zilizobaki

Wanaomtuhumu Roosevelt hutaja pia kwamba meli za kubebea ndege za Marekani hazikuwepo bandarini siku ile, eti ziliondolewa makusudi. Ukweli ni kwamba Enterprise ilikuwa imepeleka ndege kisiwa cha Wake, ikitarajiwa kurudi mwishoni mwa juma hilo, na bahari mbaya ikaichelewesha. Lexington ilikuwa ikipeleka ndege Midway. Baadhi ya ndege za Enterprise zilitangulia kutua Oahu asubuhi ile na zikajikuta katikati ya mapigano. Isitoshe, kwa maadmirali wa 1941 manowari kubwa za mizinga ndizo zilizohesabiwa kuwa nguvu ya jeshi la majini. Ni Pearl Harbor yenyewe iliyowafundisha kwamba zama hizo zimepita. Anayesema Rais aliokoa vya thamani na kuacha vyuma vikuukuu anaisoma 1941 kwa miwani ya 1945.

Hoja nyingine ni waraka wa ofisa mmoja wa ujasusi wa jeshi la majini, Arthur McCollum, wa Oktoba 1940, uliopendekeza hatua nane za kuibana Japani. Waraka huo upo. Ushahidi kwamba Roosevelt aliusoma haupo, na kati ya kupendekeza Japani ibanwe na kukubali bandari yako iteketezwe kuna umbali mkubwa.

Swali tunaloliona kuwa gumu zaidi kwa wenye tuhuma ni hili: Rais angepata faida gani kwa kutowaonya watu wake? Kama Japani ingezikuta bunduki zimejazwa risasi na ndege za Marekani ziko angani, shambulio lingekuwa shambulio vilevile. Wananchi wangekasirika vilevile, Bunge lingetangaza vita vilevile, na manowari nane zingebaki na nafasi ya kupona. Zaidi ya hapo, adui aliyemsumbua Roosevelt kuliko wote alikuwa Hitler. Vita na Japani havikumpa vita na Ujerumani mpaka Hitler mwenyewe alipovitangaza tarehe 11 Desemba, jambo ambalo hakuna mtu Washington aliyeweza kulipangia.

Halafu kuna Ufilipino, ambayo kwa maoni yetu inafundisha zaidi kuliko nyaraka zote. Jenerali Douglas MacArthur, pale Manila, alipata habari za Pearl Harbor kabla hapajapambazuka. Hakuna wa kusema kwamba yeye hakuonywa. Alikuwa na kitu zaidi ya onyo, alikuwa na vita vyenyewe. Takribani muda wa saa tisa baadaye ndege za Japani zilifika uwanja wa Clark na kuzikuta ndege zake ziko chini. Asubuhi zilikuwa zimerushwa, zikarudi kujaza mafuta na kusubiri amri. Karibu nusu ya B-17 zake ziliharibiwa siku hiyo.

Mwaka 1962 mtafiti Roberta Wohlstetter alichapa kitabu juu ya onyo na uamuzi katika Pearl Harbor, kitabu ambacho bado kinasomwa. Hoja yake, kwa maneno yetu, ni kwamba dalili za kweli zilikuwapo, lakini zilizama katikati ya kelele za dalili nyingine ambazo hazikuwa na maana. Watu wa kijijini wanalielewa hili. Usiku ng'ombe akiibwa, kesho yake kila mtu anakumbuka kwamba mbwa alibweka. Ni kweli alibweka. Lakini alibweka juzi pia, na usiku wa kabla ya juzi, na hakuna aliyetoka nje.

Hata hivyo hatupendi mfano huu utumike kumsamehe kila mtu. Kelele haikumlazimisha Marshall kuliacha jibu la Short lipite. Kelele haikuwazuia Kimmel na Short kuulizana nani anarusha ndege za doria na rada inafanya kazi saa ngapi. Kila mmoja alidhani mwenzake anafanya. Tarehe 3 Desemba Kimmel aliarifiwa kwamba balozi za Japani zimeagizwa kuchoma vitabu vyao vya maandishi ya siri, na hakumwambia Short. Na siri ya Magic, iliyolindwa kwa nguvu sana, ililindwa mpaka ikawakosa waliokuwa wa kwanza kupigwa. Mambo haya yana majina ya watu na yana tarehe, na huo ni uzembe hata kama hakuna aliyekusudia mtu afe.

Walioubeba ni wawili. Kimmel na Short waliondolewa kazini ndani ya siku kumi. Januari 1942 tume ya Jaji Owen Roberts iliwatia hatiani kwa kutotimiza wajibu, bila kuwapa nafasi ya kujitetea kama mahakamani. MacArthur, mwaka huo huo, alipewa nishani ya juu kabisa ya nchi yake. Zilifuata chunguzi nyingine kadhaa, na mwaka 1946 kamati ya Bunge, baada ya kusikiliza ushahidi kwa miezi, ilipunguza maneno: makosa ya wakuu wa Hawaii yalikuwa ya kupima mambo vibaya, si kutotimiza wajibu. Kamati haikuona ushahidi wowote kwamba Rais alipanga au kuruhusu shambulio. Maseneta wawili, Ferguson na Brewster, walikataa kutia sahihi na kuandika taarifa yao, wakidai Rais na wakubwa wa Washington wabebe sehemu ya lawama. Hata wao hawakuandika kwamba alijua saa na mahali.

Short alikufa mwaka 1949, Kimmel mwaka 1968. Watoto wa Kimmel waliendelea kudai cheo cha baba yao kirudishwe. Mei 1999 Seneti ilipiga kura 52 kwa 47 kuunga mkono ombi hilo, na mwaka 2000 likaingizwa katika sheria, likimwomba Rais awarudishie wote wawili vyeo walivyokuwa navyo asubuhi ile. Clinton hakutia sahihi, wala Bush, wala Obama.